Mashua imekaa nchi kavu miezi sita: dalili na vyanzo vyake unaporudi kuishi baharini Ugiriki

Kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei, machelezo ya Ugiriki hujaa watu wanaopanda ngazi na mafurushi na kushuka na ndoo. Leros kuna Partheni na Lakki, magharibi kuna Aktio inayotazamana na mji wa Preveza, kusini kuna Kalamata. Kote huko mashua zimesimama juu ya magogo na vyuma, zimefunikwa maturubali, zikingoja wenyewe. Wengi huishi ndani ya chombo miezi ya joto, wakakipandisha chelezoni Oktoba, kisha wakarudi makwao. Mwongozo huu ni wa wiki mbili za kwanza za kurudi, pale karibu kila kitu kinapogoma kwa zamu.

Mashua haiumizwi na safari kama inavyoumizwa na kukaa. Mpira uliobanwa mkao mmoja miezi sita hukakamaa, dizeli isiyotikiswa hutuama na kuota uchafu, waya usiopitisha umeme hushika kutu ya kijani. Kwa hiyo kitu kikikataa, jiulize kwanza ni nini kilichokaa. Anza na vya bei ndogo: koki, chujio, fyuzi, kibano cha hosi. Pampu mpya baadaye, fundi mwisho. Fundi wa kisiwani mwezi wa Mei ana wateja kuliko saa za mchana, na atakutoza kwa kufungua koki uliyoisahau wewe mwenyewe.

Kabla kanda za kreni hazijaondolewa

Mashua ikishagusa maji ikiwa bado inaning'inia kwenye kanda, mwombe mwendesha kreni asubiri. Wote wamezoea ombi hilo. Shuka ndani na tochi, pitia kila koki ya chini ya maji, tundu la kifaa cha kupima mwendo, na mahali mhimili wa rafadha (panga la kusukuma chombo) unapotokea nje. Kikivuja kitu, unanyanyuliwa palepale. Kanda zikishaondoka unaingia upya kwenye foleni na unalipa upya.

Kuna maji ngamani (chini kabisa ndani ya chombo)

Yaangalie kwanza kwa tochi. Yakiwa na rangi ya kijani au waridi usiyaonje, hayo ni ya kupozea injini na yana sumu. Fuata hosi za injini mpaka upate kibano kilicholegea. Yakiwa meupe, chovya kidole, gusa ulimi, tema. Maji chumvi yanatoka nje. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni ya matangi yako au ya mvua.

Maji chumvi yanayoingia mashua ikiwa imetulia gatini, mtuhumiwa wa kwanza ni sili ya mhimili. Kama ni ya mpira wenye midomo, kila baada ya kushushwa majini lazima uibinye kwa vidole hewa itoke mpaka maji yachuruzike kidogo, kisha uipe grisi yake. Asiyefanya hivyo huzungusha mhimili mkavu, mpira ukaungua, na wiki inayofuata ngama imejaa. Kama ni ya kizamani, ya kamba iliyoshindiliwa, inatakiwa idondoshe tone moja moja mhimili unapozunguka. Usiikaze mpaka ikauke. Weka kiganja juu yake baada ya mwendo wa nusu saa: ikiwa ya moto, umekaza mno.

Maji chumvi yanayoonekana injini ikifanya kazi tu hutoka kwenye mfumo wa kupoza au ekzosi. Tazama chini ya pampu ya maji ya bahari. Pampu nyingi zina kitundu kidogo kilichowekwa makusudi ili sili ya ndani ikifa uone matone kabla maji hayajafika kwenye oili. Maji chumvi yanayoingia pale tu mashua inapolala upande kwa tanga, angalia sinki la jikoni na choo. Upande mmoja ukizama, sinki linakuwa chini ya usawa wa bahari. Funga koki zake kabla ya kutweka tanga na tatizo limekwisha.

Maji baridi yakionekana saa chache baada ya kujaza matangi, tafuta hosi iliyochomoka au hita ya maji ya moto. Visiwa vya kusini havijui baridi kali, lakini bara kuna usiku wa barafu, na hita isiyomwagwa maji hupasuka kimyakimya. Hutajua mpaka pampu iwashwe. Ikiwa matangi ni makavu na maji baridi bado yapo, ni mvua iliyoteremka ndani ya mlingoti au iliyotuama sitahani kwa sababu tundu la kutolea maji limezibwa na vumbi jekundu. Vumbi hilo linatoka Sahara kwa upepo wa kusini wa majira ya kuchipua, na Wagiriki huosha magari yao wakilaani sawa na wenye mashua.

Ukiwasha, stata inagonga "tak" na kunyamaza

Mita inaonyesha volti 12.6, unasema betri ni nzima. Volti za betri iliyopumzika hazisemi kitu juu ya nguvu yake. Betri ya risasi na asidi iliyoachwa nusu tupu kwa miezi, karibu volti 12.2, sahani zake huota ukoko, na baadaye hujaa haraka na kuisha haraka. Kinachosema kweli ni kipimo chini ya mzigo. Weka mita juu ya nguzo za betri, mtu mwingine awashe. Volti zikianguka chini ya 10, betri imekwisha. Zikibaki 12 na stata inagonga tu, umeme upo ila haufiki: vibano vyenye kutu, waya, au solenoidi, ile swichi ya sumaku inayoiwasha stata.

Hapo wengi hununua stata. Subiri. Hamisha mita: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, na mwenzio awashe tena. Ukiona zaidi ya nusu volti, waya wa hasi ndio wenye ugonjwa. Fungua nati yake, kwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, paka grisi, kaza. Nimeona stata nzima zikitupwa kwa sababu ya nati hiyo moja.

Injini inanguruma vizuri gatini, inazimika ukiwa nje

Hii ndiyo hitilafu yenye hatari kuliko zote, kwa kuwa inachagua wakati mbaya. Tangi liliachwa nusu. Usiku wa baridi, unyevu wa hewa iliyomo juu ya dizeli uligeuka matone, matone yakateremka chini kwa sababu maji ni mazito kuliko dizeli. Mahali maji na dizeli vinapokutana huishi bakteria na kuvu, na mavi yao ni ule utelezi mweusi unaofanana na makamasi. Gatini tangi limetulia, utelezi uko chini, injini inakunywa dizeli safi ya juu. Toka sasa kwenye mkondo wa Kafireas, kati ya Evia na Andros, mawimbi yatikise tangi kwa nusu saa. Utelezi unapanda, chujio linaziba, injini inapungua nguvu, inapanda na kushuka sauti, inazimika. Ukingoja dakika kumi inawaka tena, kisha inazimika tena. Huko kuwaka na kuzimika ndiko kunakotofautisha uchafu na hitilafu ya injini yenyewe.

Fungua kikombe cha chini cha chujio la kwanza, kinga kwa chupa ya plastiki iliyo wazi. Maji yatakaa chini kama mstari. Badilisha chujio la kwanza na la pili, na uwe na mengine akibani, maana la kwanza jipya nalo linaweza kuziba siku hiyohiyo. Tangi lililochafuka sana halitibiki kwa dawa ya chupa. Dawa huua viumbe, na maiti zao huziba chujio vilevile. Tangi lenye kifuniko cha ukaguzi lifunguliwe, linyonywe toka chini, lifutwe. Ni kazi chafu ya siku nzima na hainipendezi hata kidogo, lakini ifanye ukiwa umefungwa kamba pande nne bandarini.

Kama chujio ni safi na kikombe kina mapovu, tatizo ni hewa inayoingia upande wa kunyonya. Mara nyingi ni oringi ya kifuniko cha chujio iliyorudishwa ikiwa imejikunja. Mara chache ni bomba la pumzi la tangi lililozibwa na nyigu waliojenga wakati wa baridi: injini inanyonya, hewa haiingii kujaza nafasi, dizeli inagoma kutoka. Legeza kifuniko cha tangi. Ikivuta pumzi kwa sauti, umempata.

Baada ya kubadilisha chujio itabidi utoe hewa. Legeza skrubu ya juu ya chujio la pili, piga kipampu cha mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Ikigoma bado, legeza nati za noseli moja moja huku stata ikizungushwa. Na hapa kuna mtego unaoua injini nzima: kila unapozungusha stata bila injini kuwaka, pampu inaendelea kusukuma maji ya bahari kwenye ekzosi, na hakuna moshi wa kuyatoa. Yakijaa hurudi nyuma hadi ndani ya silinda. Funga koki ya maji ya kupozea kabla ya kuzungusha stata mara nyingi, na uifungue mara tu injini inapowaka. 

Ekzosi haitemi maji

Zima. Usingoje king'ora. Koki imefunguliwa? Chujio la maji ya bahari lina mwani au mfuko wa plastiki? Kifuniko chake kimekaa sawasawa, au kinavuta hewa? Yote yakiwa sawa, fungua pampu utoe impela, gurudumu la mpira lenye mabawa linalosukuma maji. Mabawa yake yaliyolala upande mmoja majira yote ya baridi hubaki yamelala, au hukatika siku ya kwanza. Yahesabu. Kama yamepungua, vipande viko mbele, mdomoni mwa kipozeo, na usipovitoa impela mpya haitakusaidia. Anayetaka kuepuka haya huitoa impela Oktoba na kuirudisha Aprili.

Joto likipanda pale tu unapoongeza kasi, huku maji yakitoka kwa kiasi, kisigino cha ekzosi kimezibwa na masizi na chumvi. Kukifungua ni jasho. Kukibadilisha ni pesa.

Moshi na mwendo wa kobe

Moshi mweusi pamoja na mashua nzito ni rafadha iliyoota komekome na chaza. Wiki tatu gatini kwenye maji ya joto, kama ghuba ya Lakki iliyojifunga pande zote, zinatosha. Vaa miwani, shuka na kikwangulio, injini ikiwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwa mtu unayemwamini. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe ukitoweka haraka hewani ni mvuke, basi rudi kwenye habari ya maji hapo juu. Ukibaki ukielea na kunuka dizeli, kuna noseli isiyochoma vizuri.

Tanga la mbele halifunguki, henza (kamba ya kutwekea tanga) imekaza

Usilipeleke kwenye winchi. Vumbi la Sahara likichanganyika na chumvi hugeuka saruji ndani ya kapi na beringi za chuma. Osha kwa maji baridi mengi, zungusha kwa mkono, osha tena. Ikishindikana tazama juu kwa darubini: henza imejizungusha kwenye waya wa mbele, na ukivuta kwa nguvu utakata waya unaoshika mlingoti.

Choo, friji na harufu

Pampu ya choo ikiwa ngumu, kwanza mafuta ya kupikia kidogo, kisha siki ilale usiku mzima. Mkojo na maji ya bahari hujenga gamba gumu kama chokaa ndani ya mabomba, na bomba la inchi moja na nusu hubaki na nafasi ya kidole. Harufu ya yai viza unapopiga pampu mara ya kwanza asubuhi haitokani na kinyesi. Ni vijidudu vya baharini vilivyofia kwenye hosi ya kuingiza maji. Piga pampu mara kadhaa, itaondoka.

Pampu ya maji baridi inayolia kwa sekunde moja usiku wa manane, wakati hakuna aliyefungua bomba, inakuambia kuna mvujo mahali. Friji isiyopoa ina volti pungufu au vumbi mgongoni. Pima volti kwenye friji yenyewe, si kwenye betri.

Nanga haishiki

Sasa umetoka. Umetia nanga ghubani, umerudi nyuma kwa injini, na mashua inateleza taratibu kuelekea mawe. Chini kuna nini? Sehemu nyingi za bahari ya Aegean zina majani ya posidonia, nyasi ndefu za baharini zinazolindwa kisheria. Nanga hulala juu yake, hukusanya furushi la majani na kuburuzika. Tafuta madoa meupe ya mchanga, ambayo juani huonekana kama samawati iliyopauka, na uangushe hapo. Nyasi zibaki salama nawe ulale.

Chanzo cha pili ni ubahili wa mnyororo. Kina cha mita 8 na omo (pua ya mashua) iliyo mita 1.5 juu ya maji ni mita 9.5, na mara tano yake ni karibu mita 48. Watu huhesabu kina peke yake, wanasahau omo, wanatoa 30 na kwenda kula pweza. Chanzo cha tatu ni haraka. Teremsha mpaka nanga iguse, mashua irudi nyuma polepole ikitandaza mnyororo, ngoja, ndipo uongeze injini kidogo kidogo huku ukitazama vitu viwili ufukweni vilivyopangana. Vikiachana, unaburuzika.

Kisha kuna upepo. Aliyezoea kaskazi na kusi za pwani yetu anajua pepo zinazokaa miezi na kutabirika, na huja Aegean na imani hiyo. Meltemi nayo ni ya msimu, inavuma kutoka kaskazini, hasa Julai na Agosti, kati ya mgandamizo mkubwa wa hewa juu ya Balkani na mdogo juu ya Uturuki. Tofauti ni kwamba huja chini ya anga tupu, bila wingu la kukuonya, na huweza kushika nguvu ya 6 au 7 katika kipimo cha Beaufort kwa siku kadhaa mfululizo. Kujificha kusini mwa kisiwa chenye milima kunaonekana ni busara, ila Amorgos na Andros hutupa upepo kutoka vileleni kwa mapigo makali kuliko yaliyo bahari wazi. Dalili ni mashua inayoyumba kushoto na kulia nangani, ikishtuka mwisho wa kila mzunguko. Ongeza mnyororo, weka kamba ya nailoni inayochukua mshtuko ili winchi ya nanga isibebe mzigo, na kama kuna ghuba yenye ardhi ya chini, hamia huko kabla ya mchana.

Winchi ya nanga ikikataa kupandisha, washa injini kwanza, kisha kagua swichi yake kuu na solenoidi iliyokaa kwenye chumba cha mnyororo, mahali palipo na chumvi kuliko pote chomboni. Kwenye gati la kisiwa cha Hydra, ambako kila mmoja hutia nanga mbele na kufunga tezi (nyuma ya mashua) gatini, chanzo huwa kingine: mnyororo wa jirani umelala juu ya wako. Pandisha taratibu, pitisha kamba chini ya mnyororo wake, ifunge omoni, teremsha nanga yako ijinasue, achia kamba. Na msalimie jirani.

Kelele kati ya mume na mke wakati wa kutia nanga nayo ni dalili. Chanzo ni kwamba aliye omoni na aliye kwenye usukani hawasikiani kwa upepo na injini. Kubalianeni ishara nne za mikono kabla ya kuondoka: mbele, nyuma, simama, teremsha.

Polisi wa bandari amekushikilia

Chombo cha starehe kinachozidi mita 7 hulipiwa TEPAI, kodi inayodaiwa tangu Mei 2019 kwa miezi chombo kinapokuwa majini Ugiriki. Huhesabiwa kwa mwezi wa kalenda, hivyo ukishuka majini tarehe 29 Aprili umelipia Aprili nzima. Ngoja siku mbili. Angalia pia muhuri wa mwisho kwenye DEKPA, hati ya mwendo wa chombo cha starehe, au hati ya forodha kama bendera yako si ya Umoja wa Ulaya. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya akumbuke kwamba usiku wa nangani unahesabika ndani ya zile siku 90 katika kila 180 za Schengen sawa na usiku wa hotelini. Hata kibali cha kuishi Ujerumani au Uholanzi hakikuongezei siku Ugiriki.

Kichefuchefu

Mwili nao umekaa nchi kavu. Siku mbili tatu za kwanza fanya safari fupi, Partheni hadi kisiwa cha Lipsi kwa mfano, uondoke asubuhi kabla upepo haujaamka. Anayejisikia vibaya ashike usukani atazame upeo wa macho, asishuke jikoni. Tangawizi inasaidia wengine. Wali wa jana hausaidii yeyote.

Wakati wa kuacha kutafuta

Injini imezimika, upepo unakusukuma ufukweni, na wewe uko chini umeshika spana: acha. Tweka tanga dogo lolote ujitenge na nchi, au angusha nanga hata kwenye kina kisichofaa. Redio ni chaneli 16, simu ya walinzi wa pwani ni 108. Chujio litabadilishwa baadaye.